Kila kitu kikiharibika jengoni lawama ni kwa wapangaji: gharama zigawanywe vipi kwa haki?

KatibuMpya

Habari za leo wakuu. Naomba msaada kabla ya kikao cha jengo. Nyumba ziko 12: katika 7 wanakaa wenyewe, 5 zimepangishwa. Ndani ya mwaka mmoja pampu ya maji imeungua mara mbili, chemba ya nyuma inafurika, na bili ya maji ya pamoja inazidi kupanda. Wenye nyumba wengi wameshahukumu: wapangaji hawana uchungu na mali isiyo yao. Wanataka nyumba zilizopangishwa zichangie mara moja na nusu, pampu itengenezwe kwa kukata amana zao, na kwenye kikao wasiingie kwa kuwa hawana hati. Wapangaji nao wanasema kodi wanalipa kwa wakati, amana si mfuko wa jengo, na wamechoka kuitwa "wale wa kupanga" mbele ya watoto wao.

Nani alipe nini? Na inathibitishwaje kwamba fulani ndiye aliyeharibu?

---

FundiPampu

Katibu, anzia kwenye pampu, maana hapo ukweli unapatikana kwa dakika kumi.

Pampu ya jengo haiungui kwa sababu watu wanaoga sana. Mara nyingi huungua kwa moja ya mambo mawili: inavuta hewa baada ya tangi la chini kukauka, au inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, mchana kutwa. Mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara 5 hadi 7 ya ule inaoutumia ikishakolea, na waya zake za ndani hupata joto. Ikikimbia walau dakika nzima, joto hilo hutoka. Ikiwashwa kila baada ya sekunde chache, joto linapanda juu ya joto mpaka varnishi ya waya inababuka na mota inanuka.

Fungua koki moja tu, simama karibu na pampu ukiwa na saa, uangalie geji. Sindano ikishuka taratibu, pampu ikawaka, ikakimbia dakika moja au zaidi ndipo ikazima, mfumo ni mzima. Sindano ikiruka juu na chini na swichi ya presha ikigonga ta-ta-ta, tangi la presha, lile dogo kando ya pampu lenye hewa na maji ndani, limepoteza hewa. Hewa hiyo hupungua yenyewe pole pole. Haijali nani ana hati na nani ana mkataba.

Kuirudisha: zima umeme wa pampu kwenye breka, fungua koki ya chini kabisa mpaka tangi limwage maji yote, kisha pima hewa kwenye valvu ya tangi kwa geji ya kupimia matairi. Inatakiwa iwe pungufu kidogo ya presha ambayo pampu huwashia, kama 0.14 bar, yaani 2 psi. Pampu inayowaka kwenye 20 psi, tangi lijazwe hewa mpaka 18. Upime tangi likiwa tupu. Likiwa na maji geji itakudanganya. Ukibonyeza valvu yakatoka maji badala ya hewa, mpira wa ndani umepasuka na kujaza hewa hakusaidii, badilisha mpira au tangi lote.

Kama ni ule ukavu wa tangi la chini, dawa ni floti, swichi inayoelea ndani ya tangi na kukata umeme maji yakishuka. Angalia ipo, na kwamba waya wake haujaunganishwa moja kwa moja na fundi aliyekuwa na haraka. Hilo nalo ni la jengo. Kumkata mpangaji amana kwa pampu iliyokosa hewa ni kumwonea, na pampu ya tatu itaungua vilevile.

---

Mizani

Naungana na fundi. Niongeze upande wa mgawanyo, maana hapo ndipo vikao huvunjika.

Usigawe gharama kwa kuangalia mtu ana hati au mkataba. Jiulize: wakaaji wote wakihama kesho, kitu hiki kinabaki? Paa, nguzo, mabomba makuu, pampu, tangi, rangi ya nje, vyote vinabaki na vinaipa nyumba thamani. Hivyo ni vya wenye nyumba 12, pamoja na wale 5 waliopangisha na hawaonekani. Mpangaji ameshalipia matumizi ya vitu hivyo ndani ya kodi. Ukimtoza tena amelipa mara mbili. Maji, umeme wa ngazi, usafi na mlinzi vinaisha kwa kutumiwa, kwa hiyo alipe anayekaa, awe na hati au asiwe nayo. Kilichovunjwa na mtu kinalipwa na mtu huyo kwa ushahidi. Mchango wa mara moja na nusu hauingii popote hapo. Ni adhabu bila kosa.

Sasa bili ya maji. Kama kila nyumba ina mita yake ndogo, someni zote pamoja na mita kuu siku moja, saa moja, watu wawili wakishuhudia, mmoja mwenye nyumba na mmoja mpangaji. Tuseme mita kuu imekula uniti 96 kwa mwezi na mita ndogo zikijumlishwa zinatoa 88. Zile 8 zimekwenda wapi? Uniti 8 ni lita 8,000, karibu lita 11 kila saa, usiku na mchana. Basi someni mita kuu saa 6 usiku na tena saa 11 alfajiri, bustani na pampu zikiwa zimezimwa na watu wamelala. Ikiwa imesogea lita 55 hivi wakati mita ndogo zimetulia, bomba kuu linavuja na hakuna nyumba ya kulaumiwa. Ikiwa mita ndogo moja imesogea usiku kucha, mwendee huyo kwa heshima. Mara nyingi ni choo.

Choo kinachovuja hakipigi kelele. Weka matone ya rangi ya chakula kwenye tangi la choo, usiflashi kwa nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira wa chini hauzibi. Koki inayodondoka pimeni kwa kikombe: kinga dakika 10, zidisha mara 144, hayo ndiyo maji ya siku.

Kama hakuna mita ndogo, kugawa sawa kwa nyumba kunamuumiza anayekaa peke yake, na kugawa kwa vichwa kunaleta ugomvi wa kuhesabu wageni. Njia inayovumilika ni nusu kwa nusu. Kwa uniti 96 na wakaazi 40: uniti 48 zigawe kwa nyumba 12, kila moja 4, 48 nyingine zigawe kwa watu 40, kila mmoja 1.2. Nyumba ya watu 5 italipia uniti 10, ya mtu mmoja 5.2. Hesabu hiyo ibandikwe ukutani, kila mtu aikague mwenyewe.

---

Hati_Mkononi

Mnawatetea sana. Chemba ya nyuma ni nani anayeijaza kama si wanaomwaga mafuta ya kupikia na kutupa taulo za watoto chooni? Mwenye nyumba anajua akiziba mfereji atazibua mwenyewe. Mpangaji akiona kinyesi kinafurika anahama. Kusema hivyo si chuki, ni hali halisi ya mali.

---

FundiPampu

Hoja yako kuhusu uchungu wa mali ina uzito na wenzangu watakujibu. Ila chemba tuijadili kwa kufunua mifuniko.

Anza na chemba ya juu kabisa, teremka moja moja kufuata mteremko. Ukikuta chemba imejaa na inayofuata ni kavu, kizuizi kiko kwenye bomba kati ya hizo mbili. Kisha angalia ni matawi mangapi yameingia kabla ya hapo. Kama ni tawi la nyumba moja, hata mwenye hati, ushahidi umepatikana. Kama ni bomba ambalo tayari limepokea maji ya nyumba 8, huwezi kumtaja mtu, na uzibuaji unaingia kwenye gharama za matumizi.

Angalieni pia kinachotoka kwenye waya wa kuzibulia. Mafuta yaliyoganda hutoka meupe, mazito kama sabuni ya mche, yanatoka jikoni. Taulo za kufutia watoto hutoka kama kamba zilizosokotana. Hazisambaratiki kama karatasi ya choo hata kama pakiti imesema zinaflashika. Mizizi myembamba kama nywele ina maana bomba lina ufa na mti umeufuata. Hilo ni la wenye nyumba, na kuzibua peke yake ni kupoteza hela kwa sababu mizizi inarudi. Na kama kila baada ya wiki chache panaziba palepale na hakitoki kitu cha maana, mteremko umepotea, bomba limelala. Kwa bomba la milimita 100 mteremko unaotosha ni kama sentimita 1 hadi 2.5 kwa kila mita. Chukueni pima maji mkague.

Tangazo la kufuta sufuria kwa karatasi kabla ya kuosha liandikwe kwa wakaazi wote. Likibandikwa kwenye milango ya waliopanga tu, kesho hakuna atakayelisoma.

---

Makabidhiano

Kuhusu amana. Katibu, kamati haina mkataba na mpangaji. Mwenye mkataba naye ni aliyempangisha. Jengo likidai, linamdai mwenye nyumba, na mwenye nyumba ndiye ana haki ya kumgeukia mpangaji wake kama ana ushahidi. Mkiivuruga njia hiyo, yule aliyepangisha na kukaa mbali anapumzika huku nyinyi mkigombana na mtu asiye na deni kwenu.

Ushahidi unatengenezwa siku ya kuingia. Pigeni picha kila ukuta, dari, sakafu, ndani ya kabati, chini ya sinki, mbele na nyuma ya kila mlango. Tochi ishikwe pembeni ikimulika sambamba na ukuta. Ukimulika kwa mbele mikwaruzo na mabonde ya plasta hayaonekani. Fungueni kila koki, washeni kila swichi, andikeni namba za mita. Halafu mwandike kwa maneno, kwa sababu picha haisemi kitasa kinakwama. Usiandike "bafu zuri". Andika "kigae cha tatu kutoka mlangoni kina ufa wa sentimita 6". Wote wawili wasaini kila ukurasa, kila mmoja abaki na nakala. Karatasi hiyo hiyo itumike siku ya kutoka, chumba kwa chumba, wote wakiwepo.

Kisha uchakavu wa kawaida. Rangi inayofifia kwa jua, zulia linalolala mbele ya mlango, kitasa kinacholegea: hivyo ni umri, na kodi ndiyo iliyovilipia. Mlango uliopigwa teke, sinki lililopasuka, alama ya pasi sakafuni: huo ni uharibifu. Hata uharibifu haulipwi kwa bei ya kitu kipya, unalipwa kwa umri uliobaki. Uswisi vyama vya wenye nyumba na vya wapangaji vimekaa pamoja vikaandika jedwali moja la umri wa vitu vya nyumba, na rangi ya kawaida ya ukuta imepewa miaka 8. Mpangaji aliyekaa miaka 5 juu ya rangi mpya, akaacha ukuta mmoja umechorwa na watoto, anadaiwa sehemu 3 kati ya 8 za kupaka ukuta huo. Hadaiwi nyumba nzima. Jengo lenu linaweza kuandika jedwali lake fupi la vitu kumi tu: rangi, koki, kitasa, kigae, wavu wa dirisha na kadhalika. Muhimu ni kwamba pande zote mbili ziwe zimelisaini kabla hakijaharibika kitu.

Huko huko amana huwekwa benki kwenye akaunti yenye jina la mpangaji, na haizidi kodi ya miezi mitatu kwa nyumba ya kuishi. Mwenye nyumba hawezi kuila, na mpangaji hawezi kuichomoa bila idhini ya mwenzake. Pale ambapo sheria haijaweka utaratibu huo, watu wawili wanaweza kuuweka kwa kuandikiana. Amana iliyokwishatumika ndiyo humfanya mwenye nyumba atafute mikwaruzo siku ya mwisho, na mpangaji anayejua haitarudi ndiye anayegoma kulipa kodi ya mwezi wa mwisho.

---

KatibuMpya

Asanteni sana, nimenakili yote. Kuna jingine nililoliacha: nyumba 2 zilizopangishwa zina ukungu mweusi ukutani. Wenye nyumba wanasema wapangaji hawafungui madirisha, wapangaji wanasema kuta ni mbovu.

---

UkutaMkavu

Dada au kaka katibu, wote wawili wanaweza kuwa sahihi, hata ndani ya chumba kimoja. Usimwamini mtu, angalia ukungu ulipo.

Ukungu wa kona za juu, nyuma ya kabati lililobanwa na ukuta wa nje, na kuzunguka dirisha, ni mvuke wa ndani uliogeuka maji kwenye sehemu yenye ubaridi. Unyevu unaoanzia chini, ukapanda hadi karibu mita moja na kuacha mstari wa chumvi nyeupe kama unga, plasta ikibonyea kidoleni, unatoka ardhini. Doa la mviringo linalokolea baada ya mvua, au linalokaa chini ya bafu la juu, ni uvujaji.

Ukiwa na shaka, kata nailoni ya sentimita 40 kwa 40, futa ukuta ukauke juu juu, uibandike kwa utepe wa gundi pande zote nne bila kuacha upenyo. Iache saa 48. Matone yakiwa upande wa chumbani, mvuke ni wa ndani. Yakiwa upande wa ukutani, ukuta ndio unaotoa maji. Jaribio hilo lifanyeni mwenye nyumba na mpangaji wote wakiwepo, siku ya kubandika na siku ya kubandua.

Ikiwa ni mvuke, mpangaji ana kazi: nguo zikaushwe nje, sufuria zifunikwe, mlango wa bafu ufungwe na dirisha lake lifunguliwe baada ya kuoga, kabati lisogezwe sentimita 5 hadi 10 kutoka ukutani. Lakini kabla ya kumlaumu, jaribuni kulifungua hilo dirisha. Kama limekwama kwa rangi, au likifunguka mtu wa koridoni anaona kitandani, mwenye nyumba ndiye anayedaiwa wavu, pazia la kioo au feni ya kutolea hewa. Kipimo kidogo cha unyevu hewani kikikaa chumbani wiki mbili, namba zikibaki chini ya 60 kwa mia na ukungu bado unaota, rudini kwenye ukuta.

Msikubali mtu apake rangi juu ya ukungu. Unafutwa kwanza kwa dawa, ukuta unakauka, chanzo kinazibwa, ndipo rangi. Ukipakwa hivi hivi unarudi, na lawama inarudi kwa mpangaji mpya ambaye hata hakuwepo.

---

Mlangoni

Nimjibu Hati_Mkononi, maana alichosema kinasemwa katika majengo mengi na hakijajibiwa.

Ni kweli mtu hutunza kile atakachokaa nacho. Ila kinachopima hilo ni muda, hati inafuata nyuma. Mpangaji mwenye mkataba wa miaka mitatu ana sababu ya kuripoti koki inayovuja leo. Yule anayeweza kuambiwa ahame mwezi ujao ana sababu ya kunyamaza, hasa kama mara ya mwisho aliporipoti alipandishiwa kodi. Mwenye nyumba anayempa mtu mkataba wa miezi miezi kisha akamlaumu kwa kutojali, ameipanda mwenyewe hiyo tabia. Uswisi niliyoiona ikitajwa hapo juu, zaidi ya nusu ya kaya zimepanga. Kupanga si tabia ya mtu.

Heshima ianzie mlangoni. Kinachowaumiza wapangaji kuliko ada yoyote ni mwenye nyumba kuingia kwa ufunguo wake. Uingereza sheria ya 1985 inamtaka atoe notisi ya maandishi ya saa 24 kabla ya kuja kukagua hali ya nyumba. Wekeni saa hizo 24 kwenye kanuni zenu, dharura kama bomba kupasuka au moto zikiwa nje ya hapo, na mkaguzi aseme anakuja kuangalia nini. Mpangaji naye aandike: kitu kilichoharibika kiripotiwe ndani ya siku mbili kwa ujumbe unaobaki kwenye simu. Akinyamaza mwezi mzima hadi dari ikaanguka, sehemu ya hasara ni yake.

Kuhusu kikao, tumieni mgawanyo wa Mizani. Ajenda za paa, pampu na rangi ya nje zipigiwe kura na wenye nyumba 12, pamoja na wale 5 wasiokaa, kwa barua au kwa mwakilishi aliyeandikwa jina. Ajenda za maji, usafi, mlinzi, maegesho na kelele zipigiwe kura na nyumba 12 zinazokaliwa, kura moja kila nyumba, bila kuuliza ya nani. Ziandikeni kwenye karatasi mbili, na hizi za wakaazi zianze, ili wapangaji wasiketi saa mbili wakisubiri. Zile za wenye nyumba wabaki kusikiliza wakitaka, wasikatazwe kuuliza.

Na kwenye muhtasari uandike namba ya nyumba tu. "Nyumba namba 4 imeripoti taa ya ngazi." Usiandike "mpangaji wa namba 4" kama wengine huwaandiki "mwenye nyumba wa namba 6".

---

Hati_Mkononi

Kura ya wakaazi naikubali kama wasiokaa hapa nao watalipa pampu. Nilikuwa sijaliangalia hilo. Katibu, hao 5 tuwape siku ngapi?

---

Mizani

Siku 14 kabla ya kikao, wakiwa na makadirio mawili ya mafundi tofauti na picha ya geji ya pampu. Asiyejibu ahesabiwe hayupo, deni lake la mchango libaki kwenye nyumba yake. Lakini pima hewa ya tangi kwanza. Huenda kinachohitajika ni pampu ya matairi na nusu saa.